Kambove, Mji wa Wala Shaba

Tarehe 2 Desemba 2017, ndani ya kambi ya jeshi ya Athlone katikati ya Ireland, wazee wenye mvi walivishwa medali. Medali hiyo ina jina la mji ambao ramani za leo hazina: Jadotville. Anayetaka kufika huko hana budi kuulizia kwa jina lingine. Mjini Lubumbashi ataelekezwa kaskazini-magharibi, mwendo wa kilomita 120, avuke mto Lufira, apande vilima mpaka Likasi, kwani ndilo jina la Jadotville leo. Kilomita kama 25 mbele ya Likasi iko Kambove.

Watu wa kisiwa kile cha mvua na majani mabichi waliijuaje sehemu hii ya Katanga? Jibu ni siku 5 za Septemba 1961. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo tangu Julai 11, 1960, ikiongozwa na Moïse Tshombe, na Umoja wa Mataifa ulikuwa umeleta askari wake. Kikosi kimoja cha Ireland, watu zaidi ya 150 chini ya Pat Quinlan, mzaliwa wa kaunti ya Kerry, kilipelekwa Jadotville kulinda wazungu wa mji huo, ambao wengi wao hawakutaka kulindwa. Kikapiga kambi kwenye nyumba chache na gereji pembezoni mwa mji, kando ya barabara ya kwenda Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Asubuhi ya Septemba 13, askari wengi wakiwa kwenye misa ya nje, risasi zikaanza kulia.

Quinlan alikuwa amewaamuru vijana wake wachimbe mahandaki mapema, na mahandaki hayo ndiyo yaliyowaokoa. Walizingirwa na askari wa Katanga waliowazidi kwa mbali, wakiwa pamoja na mamluki wa Kizungu. Ndege ya kivita aina ya Fouga Magister iliwashambulia kutoka juu. Mara mbili wenzao walijaribu kuja kuwasaidia, na mara mbili wakakwama kwenye daraja la Lufira, lile lile ambalo msafiri wa leo huvuka akisinzia ndani ya basi. Maji na risasi vilipokwisha, Septemba 17, walisalimu amri. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Usiku huo huo ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliyekuwa njiani kuonana na Tshombe, ilianguka karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka.

Askari wale waliporudi Ireland, kusalimu amri kulihesabiwa kuwa fedheha, na kwa miaka mingi hawakutajwa. Heshima ilikuja polepole: bamba la kumbukumbu mwaka 2005, kisha filamu ya mwaka 2016 iliyopigiwa Afrika Kusini, hivyo maelfu walioitazama hawakuiona Likasi yenyewe, kisha medali. Upande wa pili walianguka vijana wa Katanga. Makadirio hutaja mamia. Hao nao walikuwa na mama zao, na mgeni anayesimama Likasi kuwakumbuka wa kwao hana budi kuwakumbuka na wale.

Vijana hao walipigana chini ya bendera nyekundu, nyeupe na kijani, na kwenye weupe wake kulikuwa na misalaba 3 ya rangi ya shaba. Askari kutoka Ireland, Wakatoliki karibu wote, wangeweza kudhani misalaba ile ni ya kanisa. Haikuwa hivyo. Ile ilikuwa picha ya vipande vya shaba vyenye umbo la herufi X, vilivyosubiwa katika nchi hii karne nyingi kabla ya padri wa kwanza kufika. Aliyechora bendera alikwenda kuchota alama katika Zama za Kati za Katanga.

Zama hizo ziko wapi leo, na msafiri anaweza kuziona? Kabla ya kuingia Kambove, inafaa kwanza kuutembelea mji mdogo wa Ireland, nchi ya wazee wale wa medali, ambao umeishi kwa kulijibu swali kama hilo.

Mji huo ni Kilkenny. Una wakazi wapatao 27,000, na treni kutoka Dublin hufika baada ya saa moja na nusu hivi. Mto Nore unaupitia ubavuni. Jina lake kwa Kiayalandi ni Cill Chainnigh, kanisa la Cainneach, mtawa wa karne ya 6. Mahali pa kanisa hilo pana kanisa kuu la mawe la karne ya 13, na pembeni yake umesimama mnara wa mviringo, mwembamba kama mwanzi, mita 30 kwenda juu, mkongwe kuliko kanisa lenyewe. Mgeni huupanda kwa ngazi za mbao zilizobana ndani yake, bega likigusa ukuta. Kileleni huona mji wote: mapaa, mto, na upande wa pili kabisa kasri lenye minara yake.

Kati ya kanisa kuu na kasri kuna mwendo wa robo saa hivi kwa mguu, kama mtu hasimami. Ila kila mtu husimama. Njia hiyo wenyeji wameipa jina la Maili ya Zama za Kati, na katika maili hiyo wamepanga historia yao kama shanga kwenye uzi. Kuna Black Abbey, nyumba ya watawa Wadominika iliyoanza mwaka 1225. Kuna nyumba ya mfanyabiashara John Rothe, iliyojengwa kati ya 1594 na 1610, nyumba 3 zilizofuatana zenye nyua katikati, kwa sababu familia iliongezeka na mali pia. Kuna kichochoro kinachoitwa Butter Slip, walipokuwa wakikaa wauza siagi. Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Zanzibar akipita humo angejiona yuko kwao, angekosa punda tu.

Habari zinazosimuliwa njiani humo hazijapakwa asali. Mwaka 1324 tajiri mmoja mwanamke, Alice Kyteler, aliyekwisha kuolewa mara nne, alishtakiwa uchawi na askofu. Mwenye mali alipata njia ya kutoroka. Mtumishi wake, Petronilla wa Meath, hakupata, akachomwa moto hadharani Novemba 3 mwaka huo. Msomaji wa Kongo anayejua jinsi shutuma za uchawi hadi leo zinavyowaangukia watoto na vikongwe wasio na mtetezi hatahitaji mkalimani wa kumweleza kisa hiki.

Kisha kuna sheria ya mwaka 1366. Wakoloni wa Kiingereza waliokaa Ireland kwa vizazi kadhaa walikuwa wameanza kusema Kiayalandi, kuoa wenyeji na kufuata desturi zao. Bunge lililokaa Kilkenny likapiga marufuku: Mwingereza aseme Kiingereza, asioe Mwayalandi, asicheze mchezo wa wenyeji wa kupiga mpira kwa magongo, ajifunze upinde. Na sheria hiyo ya kuwalazimisha watu Kiingereza iliandikwa kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa lugha ya mahakama na ya wakubwa. Mtoto wa Kambove anayesoma darasani kwa Kifaransa, anayenunua unga kwa Kiswahili na kumsalimu bibi yake kwa Kisanga ataielewa hali hiyo kuliko mtalii kutoka London. Kuhusu ule mchezo wa magongo, kaunti ya Kilkenny imekwisha kuchukua ubingwa wa Ireland nzima mara 36, na hakuna kaunti iliyoipita.

Lakini Kilkenny haikuwa hivi siku zote. Vyombo vya kasri vilipigwa mnada mwaka 1935, na jengo likabaki likivuja. Mwaka 1967 ukoo wa Butler, uliolimiliki tangu 1391, ulilikabidhi kwa kamati ya mji kwa paundi 50. Miaka 4 kabla ya hapo, katika mabanda ya farasi ya kasri hilo, serikali ilikuwa imeanzisha karakana za ubunifu ili mafundi wa fedha, nguo, mbao na vyungu wapate mahali pa kufanyia kazi. Karakana hizo zilifungwa mwaka 1988, ila mafundi wamebaki katika eneo hilo. Na kilomita kama 18 kaskazini, Castlecomer, mji uliochimba makaa ya mawe kwa zaidi ya miaka 300, mgodi wa mwisho ulifungwa mwaka 1969; leo pana bustani ya wageni na maonyesho ya maisha ya wachimbaji. Mtu wa Kambove angeanzia huko, kasri angeliacha kwa siku ya pili.

Jambo moja humkaa moyoni anayetoka katika nchi ya migodi. Kilkenny ilijengwa kwa jiwe lake yenyewe, jiwe la chokaa jeusi lenye madoa meupe ya konokono wa kale, ambalo likisuguliwa hung'aa hata wakaliita marumaru. Walichokichimba kilibaki pale pale: kikawa ukuta, kizingiti, kaburi, sakafu ya njia. Kwa hiyo umri wa mji unaonekana kwa macho.

Kambove ilichimba shaba, na shaba huondoka.

Huondoka kwa kichwa, kwa mtumbwi, kwa gari la moshi, kwa lori. Nyuma yake hubaki shimo. Ndiyo maana mgeni anayekuja Kambove akitafuta kuta za kale atarudi akisema hapana kitu, naye atakuwa amekanyaga sehemu ambayo binadamu ameishughulikia kwa karne nyingi.

Afadhali aanze kwa kutazama miti. Barabara kutoka Likasi inapita kwenye msitu wa miombo, halafu ghafla kilima kimoja kinatokea hakina mti hata mmoja, kimefunikwa majani tu, kama kichwa kilichonyolewa. Hicho ni kilima cha shaba. Udongo wake una sumu ambayo mizizi ya miti haiivumilii. Yako maua yanayoivumilia, na mojawapo, mmea mdogo uitwao kitaalamu Haumaniastrum katangense, hujulikana kama ua la shaba. Wataalamu wa mimea na wa mambo ya kale wameona kwamba ua hili huota pia mahali palipoyeyushwa shaba zamani, kwa kuwa mabaki ya tanuri yalitia udongo ile ile hali ya kilima. Ukilikuta limesongamana katika kipande kidogo cha ardhi mbali na kilima chochote, huenda chini yake mna majivu ya mafundi waliokwisha kusahauliwa. Wachimbaji wa zamani nao waliisoma nchi kwa dalili: kilima kipara, na jiwe la kijani juu yake.

Jiwe hilo la kijani ni malakiti. Namna lilivyogeuzwa kuwa shaba inajulikana vizuri, kwa sababu kazi hiyo iliendelea hadi mwisho wa karne ya 19, na wazee walioifanya walikuwa bado hai wakati Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini, alipowaomba wairudie mbele yake. Mwaka 1926 alichapisha maelezo yake, akawaita mafundi hao wala shaba wa Katanga. Kwa Kifaransa jina hilo lina ajabu. Kwa Kiswahili halina ajabu yoyote: kila mtu hula kazi yake.

Msimu ulianza baada ya mavuno ya mtama, mvua zikiisha kukatika, mnamo Mei. Kijiji kizima kilihamia karibu na kilima na kujenga vibanda. Wanaume waliingia mashimoni na sululu za chuma. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani, wakayachagua na kuyaosha mtoni. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ambao mchwa wameukanda mpaka hauna ufa, tena hustahimili moto mkali. Makaa yalichomwa kwa miti migumu. Mivukuto ilikuwa ya ngozi ya swala. Fundi mkuu alikuwa na dawa zake na miiko yake, na kazi haikuanza kabla ya wahenga kuombwa. Shaba ilipotiririka, wakati mwingine iliyeyushwa mara ya pili ili itakate, ndipo ikamiminwa kwenye kalibu iliyofinyangwa mchangani. Ikipoa, msalaba unatoka.

Je, ni kazi ya tangu lini? Ushahidi wa wazi zaidi hauko Kambove. Uko kilomita zipatazo 300 kaskazini, Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambako mwaka 1957 na 1958 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua makaburi ya wavuvi wa kale. Baadaye Pierre de Maret aliiendeleza kazi hiyo katika bonde zima la Upemba. Wafu wa tangu karne ya 10 walikuwa wamezikwa na vyungu vizuri ajabu, na mikufu na bangili za shaba. Kando ya ziwa hakuna shaba. Ilitoka kusini, kwenye ukanda wa vilima ambao Kambove imo. Katika makaburi ya baadaye misalaba inaonekana, kwanza michache na mikubwa. Karne zikisonga inakuwa midogo, mingi, ya vipimo vinavyokaribiana, imewekwa mikononi au kiunoni mwa marehemu, mahali ambapo mtu hubeba fedha. Hapo ndipo wasomi wanaposema: hii imekwisha kuwa sarafu.

Basi weka tarehe ubavuni mwa tarehe. Mawe ya kasri la Kilkenny yalipokuwa yakipandishwa, mwanzoni mwa karne ya 13, mvuvi wa Kisale alikuwa akizikwa na shaba iliyopitia mikono ya watu wasiopungua watatu au wanne: aliyechimba, aliyeyeyusha, aliyebeba, aliyebadilishana samaki. Huo nao ni mji, hata kama nyumba zake hazikushikana ukuta kwa ukuta.

Baadaye njia za biashara zikageukia mashariki. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Kinyamwezi kutoka upande wa Tabora walikuwa wakija Katanga kununua shaba. Mmoja wao, Kalasa, alikuja na mwanawe, na mwana huyo akabaki, akajijengea ufalme wenye makao Bunkeya. Ndiye Msiri, mkuu wa Wayeke. Chini yake mafundi walivuta nyaya nyembamba za bangili, hata risasi za bunduki zikatengenezwa kwa shaba. Misafara yake ilifika pwani zote mbili za Afrika. Desemba 20, 1891, aliuawa na afisa wa msafara uliotumwa na mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na nchi ikachukuliwa.

Mwaka uliofuata akapita Jules Cornet, mtaalamu wa miamba kutoka Ubelgiji, akazunguka vilima, Kambove ikiwamo, akaandika alichokiona. Kisha mwaka 1899 akaja kutoka kusini Mwingereza George Grey, aliyetumwa na kampuni ya Tanganyika Concessions. Hawa wote hutajwa vitabuni kuwa wagunduzi wa migodi ya Katanga. Grey mwenyewe hakuhitaji kugundua sana: alionyeshwa. Kambove alikuta mashimo makubwa yaliyochimbwa kwa mikono, mapana mno kiasi kwamba ndiyo yaliyomhakikishia kwamba madini ni mengi. Kwa hiyo ramani ya kwanza ya migodi ya Katanga ilichorwa na wala shaba, kwa sululu, na kampuni zikaifuata mstari kwa mstari. Ni haki yao kuandikiwa hilo mahali ambapo mgeni anaweza kulisoma.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Kampuni ya madini ya Union Minière ilianzishwa Oktoba 28, 1906. Reli ikafika Lubumbashi mwaka 1910, ikafika Kambove 1913, na kuanzia hapo shaba ikapata njia ya chuma. Kambove ilikuwa na shughuli nyingi kabla uzito haujahamia Likasi, ambako viwanda vya Panda na Shituru vilijengwa, na ambako jina la Jean Jadot, mkubwa wa Société Générale ya Ubelgiji, liliwekwa juu ya jina la wenyeji. Watu waliletwa kutoka Kasai, Rwanda, Burundi, Rhodesia ya Kaskazini. Wakapangwa katika makambi ya nyumba za safu, na katika makambi hayo Kiswahili kilikuwa lugha ya amri kazini, kisha kikawa lugha ya mapenzi, ya kilio na ya mpira. Hiki Kiswahili cha Katanga, kinachosema bukari pale ambapo Dar es Salaam husema ugali, ni mojawapo ya majengo makubwa ya mkoa huu, na mtalii hulipita bila kulilipia kiingilio.

Baada ya Union Minière kutaifishwa, ikaja Gécamines. Mwaka 1986 kampuni hiyo ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 ilitoa sehemu ndogo tu ya hiyo, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoshwa kwa mpango mmoja ulioanza mwaka 2003. Katika Kambove hilo linaonekana wazi: nyumba za kambi zilizojengwa imara zikisubiri rangi, na wazee walioishi kwa kengele ya kiwanda. Mgeni akimkuta papa wa umri huo ameketi barazani, asiharakie kutoa kamera. Amsalimu, amwite papa kama wanavyoita wenyeji, aulize habari za nyumbani, akae. Alichonacho mzee huyo hakimo kwenye kitabu chochote cha mwongozo.

Ushauri kidogo kwa anayetaka kwenda. Kiangazi, Mei hadi Septemba, ndicho kipindi kizuri, barabara za vumbi zikiwa zimekauka. Nchi iko juu, Likasi iko kama mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni hutaka koti. Migodi ni mali ya makampuni na ina walinzi. Haiingiliwi wala haipigwi picha bila ruhusa, na ruhusa hiyo huombwa ofisini kabla ya safari. Mashimo ya wachimbaji wa mikono si mahali pa kutembelea hata kidogo, kwa kuwa huporomoka. Shinkolobwe, mgodi ulio katika wilaya hii hii, haifikiwi. Humo ndimo ilimotoka sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa kuunda bomu la Hiroshima, na mwaka 2004 sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu. Sayansi imechukua humo majina: mawe ya kurati na bekereliti, yaliyopewa heshima ya Curie na Becquerel, yalipatikana huko kwanza, kama vile jiwe la likasiti lilivyopewa jina la Likasi mwaka 1955.

Zawadi ya kununua ni malakiti iliyochongwa, shanga au yai la kijani lenye mistari, ama bamba la shaba lililofuliwa kwa nyundo, kazi ambayo mafundi wa Lubumbashi wanasifika nayo. Anayenunua amuulize fundi jina lake na jiwe limetoka wapi. Kilkenny iliwatafutia mafundi wake mabanda ya farasi. Likasi na Kambove zina karakana tupu za kutosha.

Kuhusu mashimo ya wala shaba, kuna haraka. Shimo la kale halina kuta za kulitetea, na mahali pa kulitafuta ni pale pale ambapo mashine za leo zinataka kuchimba. Machimbo ya wazi ya karne ya 20 yamekwisha kuyameza mengi, na kila kilima kinachofunguliwa huenda na ua lake, majivu yake na vipande vya matanuri yake. Kupima na kupiga picha kabla ya kuchimba kungekuwa kazi ya miezi michache. Kibao kimoja kando ya barabara, chenye Kiswahili juu na Kifaransa chini, kikieleza msimu ule wa Mei wa vibanda, mivukuto na watoto mtoni, kingemsimamisha hata dereva wa lori.

Na malori ni mengi. Msafiri anayeondoka Kambove alasiri hushika njia moja nayo, yakinguruma polepole kupita Likasi, yakivuka Lufira, yakipita Lubumbashi hadi mpakani Kasumbalesa. Kutoka huko baadhi hukata Zambia hadi Tunduma na kuteremka Dar es Salaam, yakipita mbali kidogo kusini mwa Unyamwezi, nchi ambayo Kalasa alitoka na mwanawe, kwa miguu, kuja kutafuta shaba hiyo hiyo.